Mgonjwa wangu hataki kuutazama mwili wake

Sista, pokea salamu kutoka wodini.

Mimi ni muuguzi, mwaka wangu wa pili kazini, katika wodi ya upasuaji ya wanaume kwenye hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Kuna mgonjwa ananikosesha usingizi hata siku zangu za mapumziko.

Ni kijana wa miaka 29, makanga wa matatu za Kayole. Aliletwa usiku akitapika, tumbo limevimba na kukaza, haja haendi na hewa haitoki. Utumbo mpana ulikuwa umejisokota na kipande kimeshaoza. Madaktari wakakiondoa, wakautoa mwisho wa utumbo nje upande wa kushoto wa tumbo, na sasa kinyesi kinatokea hapo na kuingia mfukoni. Aliingia chumba cha upasuaji akijua tu kwamba anapasuliwa tumbo. Ilikuwa dharura, hakuna aliyepata nafasi ya kumkalisha na kumweleza. Alipozinduka, akajipapasa, akakuta mfuko.

Kidonda kinapona vizuri. Homa hana, anatembea mwenyewe. Lakini nikija kubadilisha mfuko anageukia ukutani na kujivutia shuka hadi machoni. Tangu siku hiyo hajautazama. Anauita "hicho kitu chenu". Wenzake wa stegi walikuja na soda na matunda, akaniomba niwaambie amelala. Mkewe huja kila jioni, lakini akiniona natokea na trei, mume anamwamuru atoke nje. Juzi nikagundua kwamba chakula anachopikiwa anawagawia wenzake wa vitanda vya jirani. Nilipomuuliza akanijibu, "Sista, nisipokula, hakitatoka kitu." Na jana usiku, nikimpa dawa, akasema bila hata kunitazama, "Heri mngeniacha nife na tumbo langu zima."

Nimewaeleza wakubwa zangu. Mmoja alisema, "Ni mwanamume, atazoea." Mwingine akasema hatuna muda wa kumbembeleza mtu mzima, na siwezi kumlaumu sana, maana zamu ya usiku tuko wawili kwa wodi nzima. Daktari naye kwenye raundi alimwambia, "Hii ni ya muda tu, tutairudisha ndani." Tangu hapo kijana anahesabu siku kana kwamba atarudishiwa wiki ijayo, na hataki kujifunza lolote.

Nimlazimishe atazame kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani? Au nimfundishe mkewe, yamalizike? Mkewe mwenyewe alinivuta kando kwenye korido akaniuliza kama mumewe ataweza tena kuwa mume. Nikakosa la kusema. Wanaishi kwenye ploti yenye choo kimoja kwa nyumba nane, na kazi yake ni ndani ya gari ambamo abiria wakisikia harufu kidogo tu wanafungua madirisha na kutazamana.

Chuoni tulifundishwa kuandika "taswira ya mwili iliyovurugika" na "kujithamini kwa chini" kwenye mpango wa uuguzi. Nayaandika kila siku. Lakini pale kitandani nifanye nini?

Muuguzi mwenye mawazo, Eastlands

*

Mwanangu,

Nianze na maneno ya jana usiku, kwa sababu hayo hayakai kwenye foleni.

Ukiingia zamu yako ijayo, au sasa hivi kwa simu kupitia mwenzako aliye zamu, mtu amuulize waziwazi: "Uliposema heri ungekufa, umekuwa ukifikiria kujiua? Umefikiria utafanyaje?" Wauguzi wengi huogopa swali hili wakidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulificha. Akijibu ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutia shaka, asiachwe peke yake. Mwite daktari wa zamu, ombeni watu wa afya ya akili wamwone, na uandike kwenye chati maneno yake kama alivyoyasema. "Mgonjwa anaonekana mnyonge" haimsaidii anayekuja zamu inayofuata. Mkasi wa kukatia mifuko usibaki kwenye kabati la kitanda.

Najua kuna wanaokwepa kuandika haya wakihofu kumwingiza mgonjwa matatani na polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Andika. Na hata kama hana mpango wowote, kijana asiyekula, anayekataa wageni na anayezungumza hivyo anahitaji kupimwa sonona na mtu mwenye ujuzi. Upole wako hauwezi kusimama mahali pa tathmini hiyo. Siku akirudi nyumbani, yeye na mkewe wawe na nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kupiga ni bure, na kuna watu wa kumsikiliza.

Sasa chakula. Wewe umeona ukaidi. Mimi naona mtu anayejaribu kutawala kitu kilichomshinda, kwa njia moja tu anayoijua. Kwa hiyo usimgombeze, mpe ukweli. Utumbo hutoa kamasi na hewa hata ukiwa mtupu, na kukaa na njaa huongeza gesi. Mfuko utavimba vilevile, na kidonda kitachelewa kufunga kwa kukosa protini. Ale kidogo kidogo mara nyingi, atafune vizuri. Maharagwe, kabichi na vitunguu huwaletea wengi gesi, mayai na samaki huongeza harufu kwa baadhi ya watu, na maziwa mala huwasaidia wengine kuipunguza. Lakini usimwandikie orodha ya marufuku, kwa maana hiyo ni njia nyingine ya kumwambia kwamba maisha yake ya zamani yameisha. Githeri atairudia taratibu baada ya wiki kadhaa, aone tumbo linasemaje.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa wengi wa aina yake hawaambiwi. Kile kipande cha utumbo kilichobaki chini bado kipo na bado kinatengeneza kamasi. Siku moja atahisi kama anataka kwenda haja kwa njia ya kawaida, ataketi chooni, na kamasi itatoka. Asipojua mapema, atadhani mshono umefumuka au anaoza ndani. Mwambie leo.

Tuje kwenye swali lako kubwa. Usimlazimishe kutazama. Ila kungoja tu hadi "atakapokuwa tayari" nako ni kumtelekeza, hasa katika wodi ambayo kitanda chake kina mtu anayekisubiri. Mimi naamini hivi: kazi yako si kumshawishi kwamba mwili wake bado ni mzuri. Hatakuamini, na ana haki. Kazi yako ni kumrudishia mamlaka juu ya huo mwili, na mamlaka huanzia mikononi.

Kwa hiyo zamu ya kwanza mwache uso wake ukutani. Vuta pazia, hakikisha si saa ya chakula wala ya wageni, na umwombe akushikie tu tishu. Ukifanya kazi, eleza unachokiona kwa sauti ya kawaida: "Ni jekundu, lina majimaji, ndivyo linavyotakiwa kuwa, linafanana na ndani ya shavu lako." Mwambie kwamba stoma yenyewe, yaani ule mwisho wa utumbo uliotolewa nje, haina neva za maumivu, kwa hiyo ukiifuta hatahisi uchungu, na kwamba ikitoa damu kidogo wakati wa kusafishwa si hatari. Mwambie pia itapungua ukubwa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Hili la mwisho nimeliona likiwageuza watu shingo, kwa sababu wengi wanadhani walivyovimba leo ndivyo watakavyobaki.

Zamu inayofuata aguse mfuko kwa juu. Baadaye aufungue kwa chini na kuumwaga mwenyewe, chooni, wewe ukiwa mlangoni. Unamwagwa ukifika theluthi au nusu. Ukijaa unakuwa mzito na kujibandua. Halafu ajifunze kupima na kukata tundu la kibandiko kinachoushika mfuko kwenye ngozi, kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu, ili kinyesi kisiichome ngozi. Kama bado kuna wasiwasi kuhusu usalama wake, mkasi ubaki kwako na ukate wewe kwa kipimo alichokichora yeye. Ngozi huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kwa kugusagusa. Asipake Vaseline, kibandiko hakitashika. Siku stoma ikigeuka zambarau iliyokolea au nyeusi, ni ya kukimbizwa hospitalini saa hiyohiyo.

Mtu hawezi kukata tundu bila kutazama. Utaona anatupa jicho, anaondoa, anarudisha. Usishangilie. Usimwambie "vizuri sana" kama mtoto wa nasari, ni mtu anayesimamia nauli za abiria gari zima bila kuandika popote. Mwambie ulichokiona: "Leo kibandiko kimekaa na hakuna ngozi iliyobaki wazi." Sifa ya jumla ataiona kuwa huruma, na huruma ndiyo anayoikimbia kwa wenzake wa stegi. Na wewe jichunge uso. Anausoma uso wako kuliko anavyoyasikia maneno yako, na mdomo ukikunjamana mara moja tu nyuma ya pazia, hotuba ya wiki nzima imekwenda na maji. Nimeshasikia pia wodi ambazo mgonjwa huitwa "yule wa mfuko". Kama kwenu ni hivyo, hilo likome kabla ya yote.

Ulitaja mistari ya mpango wa uuguzi. Muuguzi Mwingereza aitwaye Bob Price aliandika mwaka 1990 kwamba taswira ya mwili ina sehemu tatu: mwili ulivyo, mwili tunaoutamani, na mwili tunavyouonyesha kwa watu. Jaribu kuzipitisha kwa makanga wako. Mwili ulivyo hatuwezi kuubadilisha wiki hii. Mwili anaoutamani ni ule unaoning'inia mlangoni gari likiondoka, unaopakia magunia ya mama mboga alfajiri. Huo umepigwa, na anauomboleza. Mwache aomboleze, hata kwa hasira. Sehemu ya tatu ndiyo yenye nafasi kubwa ya kazi, na ndiyo wauguzi tunayoiruka tukidhani ni mambo ya urembo.

Muulize anavaa nini kazini. Koti la makanga, lile la rangi ya damu ya mzee, limepwaya na linafika chini ya kiuno. Kwake hilo ni bahati. Mkanda wa suruali usipite juu ya stoma. Atafute suruali ya kiuno cha juu, au avae mikanda ya mabegani chini ya shati, na soko la mitumba la Gikomba hazikosekani. Harufu: mfuko mzima uliobandikwa vizuri hautoi harufu. Inasikika wakati wa kumwaga, au mahali panapovuja. Kwa hiyo akiisikia akiwa amevaa, asijilaani, akague kibandiko. Kabla hajaruhusiwa, avae nguo zake za nyumbani, mfuko ukiwa na kitu ndani, atembee korido nzima na kurudi. Waliokaa kwenye mabenchi hawatageuka. Hilo ni bora alione kwa macho yake kuliko kuambiwa na wewe.

Kazi yenyewe: asinyanyue mizigo mizito kwa wiki 6 hadi 8, na baada ya hapo kwa ruhusa ya daktari, maana misuli ya tumbo ikifumuka kando ya stoma inaleta ngiri. Kuning'inia mlangoni asahau kwanza. Lakini kuna kazi za stegi zisizohitaji misuli, kama kupanga foleni, kuita abiria, kuhesabu magari, na wale waliokuja na soda ndio wanaoweza kumpa. Ndiyo sababu ya kutowafukuza. Ni yeye atakayeamua aseme nini. Mpe sentensi ya kushika: "Nilipasuliwa utumbo, napona, siwezi kubeba mizigo kwa sasa." Ni kweli tupu na haimlazimu kumfunulia mtu tumbo.

Kuhusu ploti, fanyeni mazoezi ya choo cha ploti. Choo cha wodi chenye maji ya bomba hakimfundishi. Awe na kimfuko cha safari chenye tishu, chupa ndogo ya maji na mfuko wa akiba uliokatwa tayari. Hichohicho ndicho atakachobeba mjini. Anamwaga chooni, anasuuza kwa ile chupa, anatoka, muda uleule wa mtu mwingine yeyote. Mfuko uliotumika unafungwa kwenye gazeti na kwenda kwenye taka. Ukitupwa chooni utaziba, na hapo nyumba zote nane zitajua.

Mifuko ni ghali na hilo halifichiki. Watu huishia kujifunga vitambaa na nailoni, ngozi inachubuka, harufu inatoka, halafu tunasema wana kujithamini kwa chini. Mwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali sasa, kabla ya karatasi ya kuruhusiwa, mwangalie pia kama kijana amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwangu mimi, kumtafutia mtu mifuko ya mwezi mmoja ni tiba ya kujithamini kuliko mazungumzo kumi.

Kama ningeruhusiwa kuchagua jambo moja tu, ningechagua mgeni. Muulize muuguzi wa stoma, kwenu au hospitali ya rufaa iliyo karibu, akutafutie mwanamume anayeishi na mfuko na anayekwenda kazini. Kwanza mwombe kijana ruhusa. Akikubali, waache wawili hao peke yao. Atamuuliza yule mtu mambo ambayo hatakuuliza wewe hata ungekuwa dada yake wa tumbo moja.

Mkewe. Usimfundishe badala ya mumewe. Ukifanya hivyo utakuwa umempeleka nyumbani mgonjwa na yaya wake, na ndoa nyingi huanza kulegea hapo. Mume ajifunze kwanza. Mke aje baadaye kama msaidizi, kwa kualikwa na mumewe. Sheria ya Afya ya 2017 inailinda siri ya mgonjwa hata mbele ya mkewe, kwa hiyo anza na mume: "Mama watoto ana maswali kuhusu nyumbani. Ungependa niyajibu, nyote wawili mkiwapo?" Kumfukuza mkewe wakati wa trei ni aibu zaidi kuliko chuki. Mke asipoelezwa hivyo, atadhani amekataliwa.

Na swali lake ni halali, halikuhitaji kujibiwa kwa aibu. Mwanasaikolojia Jack Annon alipendekeza mwaka 1976 ngazi za kuzungumzia mambo ya kitandani na wagonjwa, na ya kwanza ni ruhusa tu, yaani kumwonyesha mtu kwamba swali hilo lina mahali pa kuulizwa. Wewe unaweza kuifika hiyo na ya pili, ambayo ni maelezo machache. Waambie kwamba hamu kupungua baada ya upasuaji mkubwa ni kawaida na haimaanishi mwisho. Wataweza kukutana kimwili tena kidonda kikishapona na daktari akiruhusu. Mara nyingi ni baada ya wiki 6 hivi. Mfuko umwagwe kwanza, ufunikwe kwa fulana au kitambaa, na wachague mkao usioukandamiza. Stoma yenyewe haiguswi kwa tendo. Nguvu zisiporudi baada ya muda, hilo lipelekwe kliniki, kuna dawa na kuna wataalamu.

Wakubwa zako usibishane nao. Hukuhitaji muda wa ziada. Mfuko unabadilishwa vilevile, tofauti ni nani anashika nini. Kwenye kukabidhiana zamu sema mstari mmoja: "Kitanda fulani anamwaga mwenyewe, hajakata tundu, msimfanyie anachokiweza." Mwenye haraka atafurahi, maana kazi imepungua.

Limebaki lile la "ya muda tu". Daktari hakudanganya, ila hakumaliza sentensi. Kurudisha utumbo kwa kawaida hungoja miezi 3 au zaidi, hadi uvimbe wa ndani utulie na mwili upate nguvu, na wapo ambao hairudishwi kabisa. Mwombe daktari ayaseme hayo kwenye raundi ijayo wewe ukiwapo, bila kumkatisha tamaa wala kumpa tarehe. Kisha andika kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa siku ya kliniki ya upasuaji, siku ya kliniki ya afya ya akili, jina la dawa zake, ukubwa wa tundu kwa milimita, na mahali pa kuchukua mifuko.